Nyeupe Mbili za Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa kuamua upesi. Ng'ombe akiletwa mbele yake, alimtazama mara moja, akampapasa nundu, akasema namchukua au mrudishe, na mwenye ng'ombe hajamaliza hata salamu. Watoto wa ukoo waliokaa bila jina kwa sababu wazee walikuwa wanabishana, aliwapa jina yeye, akiwa anapepeta uwele wala hakuinua kichwa, na jina likashika. Majirani walisema alizaliwa na haraka. Mimi niliyeishi naye nasema hakuwa na haraka hata kidogo. Hakupenda tu kuona jambo limelala njiani na kila mpitaji analiruka.

Natanguliza hilo ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyemaliza kiangazi kizima akishindwa kuchagua kati ya nyeupe mbili za kupaka ukuta wa chumba kimoja. Na nyeupe zenyewe zilikaribiana mno. Mgeni akiingia mle ndani aliona rangi moja tu. Kwa kushindwa kwake huko, mimi nilibaki na ndoa yangu. Sikupata kumshukuru vizuri wakati ule, maana hakuwa mtu wa kushukurika. Ukimwambia asante, alikuuliza kama umemaliza kuchota maji.

Nilitoka upande wa Singida Mjini, karibu na ziwa, Mnyaturu mtupu, nikaolewa kwa Wanyiramba, safari ya siku kadhaa kwa miguu enzi hizo za Mwingereza. Sikujua lugha yao, naye hakuijua yangu wala hakuwa na nia ya kujifunza. Tulikutana kwenye Kiswahili. Kiswahili chetu kilikuwa cha bara, cha kununulia chumvi na kumjibu karani wa kodi, lakini kilitutosha kugombana. Aliniita mkamwana tangu siku ya kwanza. Jina langu alilijua vizuri, ila alilitumia tu akiwa anazungumza na watu wengine habari zangu.

Mwaka wa kwanza nilimwogopa kuliko fisi. Nilipika ugali, akaonja, akanyamaza, akala wote. Nikadhani umempendeza. Kesho yake akaniambia ule wa jana ulikuwa mbichi. Nikathubutu kumwuliza kwa nini hakusema jana ileile, akajibu kwamba jana alikuwa na njaa. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo hofu ilianza kupungua kidogo kidogo.

Uongo ulimshinda. Sisemi hakuupenda, wengi hatuupendi na bado tunausema. Yeye hakuuweza kabisa, ulimi wake haukuugeuza. Kuna mwaka serikali iliamuru kila kaya ipande mihogo ya akiba ya njaa, na Bwana Shamba akaja kukagua. Wanawake wa kijiji tukapatana tuseme mihogo imeliwa na nguruwe pori. Bwana Shamba alipita nyumba baada ya nyumba akiambiwa nguruwe, akitikisa kichwa, akiwasikitikia watu kwa nguruwe. Alipofika kwetu, Mama Mkwe alimwambia hakupanda, kwa kuwa mihogo haipendi, na nguruwe wenyewe hajawaona tangu mumewe azikwe. Kijiji kizima kikatolewa kwenda kuandaa mashamba ya mihogo, naye akiwa mbele kabisa na jembe lake, akisemwa kutoka kushoto na kulia. Hakuomba radhi. Alisema aliulizwa, naye akajibu.

Tusimfanye mtakatifu, maana angenicheka. Alibatizwa utu uzimani, na kanisani aliimba akiwatangulia wenzake kwa mstari mzima, lakini ugoro hakuuacha. Mwinjilisti alipomwonya, alimjibu kwamba Mungu aliumba pua kabla ya kuumba mwinjilisti. Ugoro huo aliufunga kwenye ncha ya kanga, fundo moja na sadaka. Jumapili alipolifungua fundo amtolee Mungu, watu wa viti vya mbele walipiga chafya, na mwinjilisti akangoja watulie ndipo aendelee na sala.

Aliwadharau waliaji. Msibani, mwanamke akilia kwa sauti ya kuvunja chungu, yeye aliuliza kwa kunong'ona kama huyo anamlilia marehemu au anamwamsha. Mumewe alipofariki, kabla mimi sijafika pale, wanasema alipika chakula cha waombolezaji mwenyewe, macho makavu. Lakini mtamba wake mwekundu alipokufa kwa kuumwa na nyoka, alilala siku nzima amegeukia ukuta, na hakuna aliyethubutu kumpelekea hata uji. Nilimpelekea mimi. Hakugeuka, ila nilipokuja kuchukua kibuyu nilikikuta kitupu.

Basi tufike kwenye chumba.

Miaka ilipita, nami sikushika mimba. Nilikunywa dawa za mizizi, nikaenda hospitali ya misheni nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke, anakuja nyumbani mara chache kwa likizo. Alikuwa mwema na mnyamavu, na kwa bahati mbaya vyote viwili alivifanya kwa pamoja: wema wake haukuwa na sauti. Mkubwa wa kaya alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe. Naye hakuwa mtu mbaya. Nilipougua homa ni yeye aliyeamuru nipewe maziwa ya ng'ombe wake. Ila kaya bila mtoto aliiona kama shamba lisilo na mpaka, hakupata usingizi. Akaamua kwamba mume wangu aoe binti wa upande wa Nduguti, na mimi nirudishwe kwetu, na ng'ombe wa mahari waliotolewa kwa ajili yangu warudi, waende kwa yule mwingine. Alinieleza mwenyewe, kwa adabu, tukiwa uani, Mama Mkwe akiwa pembeni anapepeta. Siku ambayo bibi harusi angeingia, mimi ningefunga mzigo wangu. Mume wangu alipelekewa habari, na jibu halikuja.

Chumba kipya kikajengwa mwishoni mwa tembe letu, miti ikasimamishwa, ikakandikwa, paa likafunikwa kwa udongo. Ilibaki kukipaka. Na katika kaya ile kulikuwa na desturi moja: mke mpya haingii chumba ambacho mama wa bwana hajakipaka nyeupe kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wanaweza kuchimba udongo, kuutwanga, kuukoroga, lakini mkono unaopaka ni wa mama. Na haruhusiwi mtu kumharakisha, kwa kuwa mama akipaka kwa hasira, hasira hiyo inakaa chumbani na wanandoa. Chumba changu mimi alikipaka asubuhi moja tu, na jioni yake nikaingia, ukuta bado unanukia udongo mbichi.

Alikuwa na udongo wa aina mbili. Mmoja ulitoka bondeni kwetu, ule uliotumika siku zote. Mwingine mume wangu aliwahi kuuleta katika gunia kutoka Sekenke, udongo mweupe uliotupwa kando ya mashimo. Mama Mkwe aliukoroga kila mmoja katika chungu chake, akapaka kipande cha bondeni na kipande cha Sekenke, bega kwa bega, karibu na mlango. Akaja akaniita nitazame. Niliona ukuta umepakwa nyeupe, nami moyoni nikahesabu zimebaki siku mbili niondoke.

Akaniambia ningoje ukauke. Ulipokauka, kweli, niliona. Wa bondeni ulielekea umanjano, rangi ya maziwa yaliyolala. Wa Sekenke ulielekea majivu. Tofauti ilikuwa ndogo sana, ukitazama kimoja peke yake ungekiita cheupe na kuendelea na kazi zako. Mama Mkwe alileta kipande kipya cha kitambaa cha marekani, akakishika katikati ya vile viwili, na papo hapo wa bondeni ukaonekana mchafu. Akaondoa kitambaa, ukatakata tena. Akasema hilo ni jambo la kufikiriwa. Chumba cha tembe hakina dirisha la maana, mwanga wote unaingia kwa mlango, kwa hiyo nyeupe isiyofaa itamfanya binti wa watu aishi gizani. Akapaka vipande vingine viwili kwenye ukuta wa ndani kabisa, akaenda kulala.

Hivyo ndivyo kiangazi kilivyokwenda. Alitazama asubuhi, jua likiingia chini chini kutoka mlangoni. Alitazama mchana, chumba kikiwa na kivuli. Alitazama jioni kwa taa ya chemli aliyoazima kwa mwinjilisti, ambaye aliitoa akidhani ni kwa ajili ya sala. Alipaka juu ya ukuta laini na juu ya ukuta wenye mikwaruzo. Aliniweka nisimame mbele ya kila kipande, akarudi nyuma, akanitazama uso, akasema mbele ya wa Sekenke naonekana mgonjwa. Nikamwambia Mama, mimi si wa kukaa humu. Akasema nisisogee.

Kijiji kilianza kumcheka. Yule aliyenunua ng'ombe bila kumaliza salamu, sasa udongo unamchezea. Watu walikuja kuangalia, na kila aliyekuja alikuwa na maoni yake, naye aliwasikiliza wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Wawili wakikubaliana juu ya wa bondeni, alimtafuta wa tatu wa kuwapinga.

Baba Mdogo alivumilia, kisha akaja. Watu wa Nduguti walikuwa wameshaulizia. Aliingia chumbani asubuhi, akatazama, akasema kwa sauti ya mwenye kaya kwamba wa Sekenke unafaa, upakwe. Mama Mkwe akamshukuru, akamwomba kwa heshima arudi jioni kuthibitisha. Alirudi jioni, akaingia, akainua taa, akaonyesha kwa kidole ule alioupenda. Kilikuwa kipande cha bondeni.

"Shemeji," Mama Mkwe akamwambia, "asubuhi ulipenda huu mwingine. Sasa mimi nipake upi?"

Baba Mdogo alisimama pale na taa yake. Mtu wa heshima hawezi kusema paka wowote, maana akisema hivyo na ndoa ikaharibika, ataambiwa yeye ndiye aliyesema. Akaweka taa chini akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuingia tena. Aliulizia tu akiwa nje, kila jioni akirudisha ng'ombe, kama amechagua. Naye alimjibu kwamba bado hajaweza.

Mimi nilishangaa. Nilijua hawezi kusema uongo, niliona ya mihogo. Kwa hiyo niliamini kweli hajaweza, kwamba uzee umemfika ghafla na umeingilia macho. Nikaanza kumhurumia yeye, mimi niliyekuwa wa kufukuzwa. Mpaka siku moja nilirudi kutoka kisimani mapema kuliko kawaida, nikamkuta amepiga magoti chumbani kati ya vyungu viwili. Alichota udongo gao moja la kiganja kutoka chungu cha bondeni, akatia cha Sekenke. Akachota gao la Sekenke, akatia cha bondeni. Akakoroga vyote kwa mkono, kulia na kushoto, akaanza kupaka vipande vipya ukutani.

Nikamwuliza anafanya nini. Akasema anaongeza. Nikamwambia zitafanana. Hakugeuka.

"Jana nilikaribia kuchagua," akasema. "Wa bondeni ulikuwa unashinda. Jioni shemeji ataniuliza kama nimechagua, na mimi nitamwambia sijaweza. Nataka iwe kweli."

Niliketi chini palepale mlangoni, mtungi bado kichwani, nikalia. Hakuwa amewahi kuniambia neno jema, na hata siku hiyo hakuniambia. Aliendelea kupaka. Alipochoka na kilio changu aliniuliza kama nimemaliza kuchota maji.

Kwa nini alitaka nibaki, sikujua, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Nilimsikia mara moja tu akizungumza na jirani ng'ambo ya ua, akitaja jina langu. Jirani alimwambia anajisumbua bure, wanawake wapo wengi. Akajibu kwamba wapo wengi ndiyo, lakini huyu ameshamzoea, na hana umri wa kuzoea mwingine. Maneno hayo ukiyatazama si makubwa. Mimi nimeishi nayo kama wengine wanavyoishi na mashamba waliyorithi.

Udongo ukazidi kufanana. Ulifika mahali ambapo hata yeye, akikaza macho, alikuwa anachota chungu kimoja akidhani ni kingine. Mvua zikaja. Mvua zikija hakuna anayepaka, ukuta haukauki, na bondeni kote ni matope. Watu wa Nduguti, waliokuwa na binti mzuri asiyestahili kungojea rangi, walimwoza kwingine, na hakuna aliyewalaumu. Katikati ya mvua mume wangu akaja likizo. Aliingia kile chumba, akatazama zile kuta zenye mabaka mengi ya nyeupe, akatoka, akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa Baba Mdogo na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ikivuka ua. Alisema hataki mke mwingine, na kama mimi nitarudishwa kwetu, basi nitasindikizwa na yeye, na hatarudi. Nadhani maneno hayo alikuwa nayo tangu mwanzo. Alikosa tu muda wa kuyafikisha mdomoni, na mama yake akampa kiangazi kizima. Baba Mdogo akaagiza pombe, na habari ikaishia hapo. Chumba kile tukakitumia kuwekea ndama na mbegu.

Sikuzaa, hata baadaye. Nalisema kwa kuwa watu wakisikia kisa hiki hungojea nifike kwenye mtoto. Nilimlea binti wa wifi yangu, nikamwoza, ananiita mama. Ila kwenye nyumba ya mume wangu nilikaa kwa kuwa kuna mtu alipiga magoti kati ya vyungu viwili, akijihangaisha asione vizuri. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na yeye mwenyewe ningemshukuru kila siku kama angeniruhusu.

Miaka michache kabla Mwingereza hajaondoka, machimbo yalipopunguza watu, mume wangu alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala Singida Mjini, tukahamia huko. Tulijenga nyumba ndogo ya matofali ya udongo, bati juu. Baba Mdogo alikuwa ameshafariki, na Mama Mkwe amebaki na mwanawe wa mwisho, mdogo wa mume wangu, kule kwenye tembe, miguu imeanza kumkataa. Tulimwita aje kwetu. Alikataa mara nyingi, kisha siku moja akateremka kwenye lori la mizigo, mweupe kwa vumbi, na furushi lake kichwani. Nilipiga goti nikamwamkia. Akaitika marahaba, akaniambia nimenenepa.

Furushi hakulifungua. Aliliweka mlangoni, na usiku akalilalia. Wakati wa kula alituambia, bila kuzunguka, kwamba ndugu wamemshauri asije, kwa sababu nyumba isiyo na mtoto haifai kuzeekea. Mume wangu akainamisha kichwa. Nikamwuliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema amekuja kuangalia.

Sikulala. Asubuhi nilimpeleka kwenye chumba tulichomjengea, chenye dirisha linalotazama ziwani. Nilikuwa nimenunua chokaa dukani, ndoo moja nikaiacha ilivyo, nyingine nikaitia udongo wa njano kidogo tu, nikapaka kipande cha kila moja, bega kwa bega, nikavikausha. Nilifanya hivyo kwa heshima. Nilitaka chumba chake akichague yeye. Nikamweleza kwamba hii ina mwanga zaidi asubuhi, na hii imetulia, haitamwumiza macho jua likirudi kutoka ziwani. Nikamwambia usiwe na haraka, Mama, chukua hata kiangazi chote.

Alisimama mlangoni ameegemea fimbo. Alitazama kipande cha kwanza, akatazama cha pili. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko alivyotazama ukuta.

"Mkamwana," akasema, "zote ni nyeupe. Paka upesi, nataka kuweka vitu vyangu."

Akaketi palepale kizingitini, akavuta furushi lake, akaanza kufungua fundo. Nikainama nikachukua ndoo iliyokuwa karibu, wala sikutazama ni ipi.